Mpaka Mvua Ziishe

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo baada ya ibada, robo saa tu, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyeitwa nyumbani. Tangu nistaafu ualimu, huandika daftari moja kila msimu wa mvua, ili mwakani nisibishane na mtu juu ya lini kilianza nini.

Jambo jipya la mwaka huu ni watu wa makaravati. Kampuni iliyojenga barabara ya pale mwinukoni iliondoka ikaacha makaravati kumi na tisa ya zege, yale mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya barabara, katika uwanja ulio chini ya nyumba yangu, kila moja likiwa kubwa kiasi cha mtu mzima kusimama humo akiinama kidogo. Tangu Septemba watu wameingia kukaa. Wengine walikuja kuchuma zabibu Makutupora wakaishiwa nauli. Wengine walibeba zege kwenye majengo ya Serikali, kazi ikaisha. Wametundika magunia penye midomo ya makaravati. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, makaravati yote hutoa sauti moja, ndefu na ya chini, kama watu wengi wanaokubali jambo bila kufungua vinywa.

Alhamisi, 5 Desemba

Jua kali. Nimepanda mtama safu nne na karanga mbili.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo nimeshuka uwanjani kwa sababu ya kikohozi. Kila asubuhi ninapofagia hukisikia, na zege hukikuza hata kikawa kama cha watu watatu. Mwenye kikohozi ni mzee Batholomeo, Mgogo mwenzangu wa Gulwe, aliyekuwa kibarua wa zege. Mkewe, Zipora, alikuwa anapika uji nje.

"Mbukwa, Mwalimu."

"Mbukwa. Mumeo ana nini?"

"Kifua. Kile kikuu chenyewe."

"Anakunywa dawa?"

"Tangu Novemba. Muuguzi amesema miezi sita, mpaka mwisho wa Aprili. Akiruka, aanze upya. Na huyu, Mwalimu, mwili wa kuanzia upya hana."

Kutoka ndani ya karavati mzee akasema, "Mwambie Mwalimu ninasikia," na sauti yake ikatokea upande wa pili.

Nimempitia Hana, muuguzi wa zahanati yetu. Amenithibitishia: kadi ya mzee iko kwake, dawa iko kwake. Akihamishwa kabla ya Aprili kwisha, Hana hawezi kusema itakuwaje.

Jumanne, 24 Desemba

Makaravati yameandikwa namba kwa chokaa, moja hadi kumi na tisa. Hakuna aliyemwona mwandishi. Watu walilala humo humo, na asubuhi wakakuta namba juu ya vichwa vyao. La Zipora ni namba saba. Tarakimu zimeandikwa kwa mkono mzuri sana. Hilo limenisumbua kuliko namba zenyewe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua kutwa.

Alhamisi, 2 Januari

Sajini Tumsifu wa kituo kidogo cha polisi amepita. Ni Mhehe, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wagogo, na hapiti bila kuchokoza. Leo alisimama katikati ya makaravati, mikono kiunoni.

"Nyinyi Wagogo, hata Serikali ikiwajengea mnakaa ndani ya bomba?"

"Afadhali sisi," akajibu mzee Batholomeo. "Nyinyi mkipita hapa, mbwa wetu wanaingia ndani wenyewe wanafunga mlango."

Watu wakacheka, kwa maana utani wa kale husema Wahehe hula mbwa. Sajini alicheka zaidi ya wote, akamwachia mzee nusu ya mkate. Mimi aliniita Bibi Mgogo. Mtu mwingine angeniita hivyo ningemtazama mpaka aombe radhi, lakini mtani ana ruhusa yake.

Jumapili, 12 Januari

Mkutano wa mtaa, kwenye banda la zahanati. Mimi ni katibu wa kamati. Mwenyekiti wetu mpya ni Obedi, niliyemfundisha darasa la nne. Hata sasa akisimama kuzungumza hutazama kwanza nilipokaa.

Wapo waliotaka watu wa makaravati waondolewe. Walisema kuku wanapotea, na kwamba maji ya bomba la mtaa hayatoshi. Nikaeleza kwamba uchumaji wa zabibu unaanza Machi. Wakipata vibarua watapata nauli, watakwenda makwao kwa miguu yao bila mtu kuwasukuma. Nikaeleza habari ya dawa ya mzee. Hana naye akaeleza.

Obedi akauliza, "Sasa nani mwenye uamuzi? Sisi au wakubwa?"

Nikamjibu kwamba uwanja uko ndani ya mtaa, na mtaa una mkutano, na mkutano ndio huu. Mikono ikanyooshwa. Imeamuliwa kwamba watu wale wakae mpaka mvua ziishe.

Jioni nimeandika barua kwa mkono wangu: hakuna atakayewaondoa kabla mvua hazijaisha. Obedi ametia sahihi na muhuri. Nimempelekea Zipora. Hajui kusoma, nilimsomea mara mbili. Akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaifunga tena ndani ya mwingine.

Ijumaa, 17 Januari

Familia tatu zilizokuwa zimefunga mizigo ziende Chemba kutafuta vibarua vya palizi zimefungua mizigo. "Tuna barua ya Mwalimu," wanaambiana. Nilifurahi, na ninaandika hapa kwamba nilifurahi.

Jumanne, 21 Januari

Mvua nyingi. Mtama umefika gotini.

Jumatatu, 3 Februari

Nilikuwa ofisi ya mtaa na Obedi alipoingia mtu mmoja wa makamo, shati jeupe, viatu vya polisi. Hakutaja jina wala ofisi, nasi, sijui kwa nini, hatukumwuliza. Alijifuta viatu mlangoni. Akaniamkia vizuri, akaomba kuona nakala ya barua, akaisoma hadi mwisho bila haraka.

"Imeandikwa vizuri sana," akasema. "Nani aliwapa mamlaka?"

"Mkutano wa wakazi," nikamjibu.

"Ndiyo. Wakazi." Aliikunja nakala akaitia mfukoni. "Ila, Mwalimu, humu mmeandika neno kambi. Hapa hakuna kambi. Naomba msiliandike tena."

"Hapo chini kuna watu sitini na mmoja."

Akatabasamu kama anayemsamehe mtoto. "Nimepita pale sasa hivi," akasema. "Ni uwanja tu."

Akaaga kila mmoja kwa mkono. Alipoondoka, Obedi aliitazama mikono yake. Nikamwambia asiogope, uamuzi wa mtaa ni uamuzi. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti ile ile ya darasa la nne, ya mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Gari jeupe limesimama juu ya barabara, injini ikiunguruma, kuanzia saa nne mpaka saa sita. Hakuna aliyeshuka. Mbwa wote wa uwanjani walikaa wakiligeukia, bila kubweka.

Jumanne, 18 Februari

Gari tena. Saa zile zile.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemsindikiza Zipora zahanati. Hana sasa anampa mzee dawa za mwezi mzima katika pakiti moja, kwa sababu anaendelea vizuri: ameongezeka kilo mbili. Zipora aliibeba pakiti kwa mikono miwili kama yai. Njiani akaniambia wakimaliza Aprili watarudi Gulwe, mzee alime bustani kando ya reli, hataki tena kusikia neno zege.

Jumatano, 26 Februari

Mawingu mazito tangu asubuhi. Alasiri nilikuwa uwanjani ninamsomea mtu karatasi ya kazi, Sajini Tumsifu akaja, amevaa koti la mvua ingawa mvua ilikuwa haijaanza. Akasimama pale pale anaposimama siku zote.

"Nyinyi Wagogo! Kesho alfajiri ninakuja na ufagio. Nitawafagia wote mpaka ng'ambo ya Chemba. Fungeni mizigo."

Watu wakapiga kelele za furaha. Mzee Batholomeo akatoa kichwa chini ya gunia. "Njoo, Mhehe! Lakini kula kwanza, usije ukatumalizia mbwa."

"Mzee, nasema fungeni mizigo leo."

"Leo hatuna kamba. Tuletee ya kwenu."

Watu walianguka kwa vicheko. Mimi nami nikasema langu. Nilisema, "Mtani, ufagio wako hauna mpini." Nilicheka mpaka nikafuta miwani.

Akarudia mara ya tatu, na mara hii yeye hakucheka. "Watani, nasema kweli."

Hapo ndipo vicheko vilipozidi, kwa maana mtani siku zote husema anasema kweli. Ndio utani wenyewe. Alibaki amesimama, uso wake umelegea. Akanitazama mimi. Kisha akageuka akapanda kuelekea barabarani, na mtu mmoja akamwiga anavyotembea.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua ilinyesha tangu saa tisa usiku, na mvua kwenye bati huziba kila sauti. Sikusikia kitu. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu mvua ilipopungua.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakukuwa na kikohozi.

Niliteremka. Magunia yalikuwa yametundikwa kama kawaida. Ndani ya karavati la kwanza, moto ulikuwa bado unafuka, na sufuria ya uji ilikuwa na joto. Niliigusa kwa kiganja. La pili, nguo za mtoto zimekunjwa. La tatu, kiatu kimoja, kimesimama wima. Hakuna kilichovunjwa wala kupinduliwa. Niliita. Sauti yangu iliingia upande mmoja ikatoka upande wa pili ikiwa imebadilika.

Mbwa walikuwapo. Kila mmoja alikaa mbele ya karavati la bwana wake, amelowa, akitazama barabarani. Sikuwahi kuona mbwa wakikaa kwa mstari. Mbele ya namba saba palikuwa na jike jeusi la mzee Batholomeo. Halikunibwekea, lakini halikunipisha. Niliinama nikachungulia juu yake: blanketi, vikombe viwili, giza.

Nikakimbilia ofisi ya mtaa, mimi wa miaka sabini na moja. Obedi alikuwa amekaa mezani, mlango wazi.

"Obedi, wamewachukua watu wa kambi."

Akainua macho polepole. "Kambi gani, Mwalimu?"

"Usinifanyie hivyo."

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza ninaingia.

Nilikaa pale mpaka saa sita nikingoja aseme neno jingine. Niliporudi uwanjani hapakuwa na kitu: hakuna gunia, hakuna sufuria, hata mafiga yaliondolewa. Nikadhani wale waliokuja alfajiri wamerudi kusafisha. Karavati namba saba lilikuwa tupu, limefagiliwa. Pakiti ya dawa nayo haikuwapo. Nilijiambia kwamba mzee ameondoka nayo, kwa sababu mgonjwa hawezi kuacha dawa. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Mbwa walikuwa bado wamekaa.

Ijumaa, 28 Februari

Mvua. Mbwa wamebaki wanane.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeuliza nyumba kwa nyumba, nyumba kumi na nne. Hakuna aliyesikia lori. Mama mmoja ninayemfahamu miaka thelathini alizungumza nami mlango ukiwa nusu wazi, mguu wake umeuzuia usifunguke zaidi. "Mwalimu, mvua ilikuwa kubwa," akasema. Nilipomtaja Zipora akauliza, "Zipora yupi?" Huyo Zipora alimfulia nguo Januari nzima.

Jumanne, 4 Machi

Gari halikuja. Lakini nimemkuta Sajini Tumsifu kwenye njia ya kituo. Alitaka kunipita.

"Wako wapi?" nikamwuliza.

"Bibi Mgogo, nilikuambia."

"Ulitania!"

"Ningesemaje?" Alikuwa anatazama nyuma yangu, barabarani. "Sisi wa kituo tulikatazwa kusema. Wale si wa hapa, wametoka juu, na wametuambia tusitoe neno. Nikafikiri: nimekatazwa kusema, sikukatazwa kutania. Nikaja nikatania. Mkacheka."

Akaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nyasi. Sijui niliandikeje jambo hili nisionekane mtu anayeanza kupotewa na akili. Sisi wa nchi kavu tunajua kwamba mvua ikishiba, ardhi hufunika kila kitu kwa wiki mbili. Nimeliona maisha yangu yote. Lakini uwanja ule umeota mahali pa moto kwanza. Vilipokuwa viduara vyeusi vya majivu, sasa ndipo penye kijani kizito zaidi. Kesho kutwa hata viduara hivyo havitatambulika. Makaravati yamebebwa na trela jana mchana, na chini yake nyasi ndefu, nyeupe, zilikuwa zimeota tayari gizani.

Nimeanza kuhesabu majina kwa sauti ninapofagia. Nimefika hamsini na mbili. Tisa yamenipotea.

Ijumaa, 14 Machi

Hana amekuja na simu mkononi, analia. Zipora amempigia kutoka Gulwe. Mzee Batholomeo amefariki jana.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi kutoka Gulwe sasa hivi. Nimebadili nguo, nimekaa. Nitaandika yote.

Tulisafiri jana, mimi na Hana, tukalala kwa ndugu zake Zipora. Alitueleza kwa maneno machache. Waliamriwa watoke kama walivyo, wasibebe kitu. Dawa ilibaki juu ya kibao, karibu na blanketi. Aliomba aichukue, akaambiwa ataletewa. Wakashushwa porini, ng'ambo ya Chemba, mvuani. Walitembea siku mbili. Mzee aliwaambia wengine watangulie. Mpaka walipofika Gulwe, kwa lori la mkaa na kwa hisani ya watu, ilikuwa siku ya tano, na kifua kilikuwa kimejaa. Hospitali walimwanzishia dawa upya. Mwili wa kuanzia upya hakuwa nao.

Asubuhi ya leo tulikwenda makaburini. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Ndani yake, amevaa suruali ya kawaida na shati lililochanika begani, alikuwamo Sajini Tumsifu, akimalizia kwa jembe. Alikuwa amefika tangu alfajiri. Kwa desturi yetu mtani ndiye anayechimba, naye ndiye anayemwigiza marehemu watu wapate kucheka kidogo katikati ya kilio. Tena, kwa desturi, mtani anaweza kukaa ndani ya kaburi akakataa kutoka, mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu: kuku, au konzi ya mtama.

Wazee wa Gulwe hawakumjua kwamba ni polisi. Walijua tu kwamba ni Mhehe. "Mtani," mzee mmoja akamwita, "tuonyeshe ndugu yetu alikuwaje."

Sajini akaweka jembe. Akainamisha kichwa kama mtu anayetoka chini ya gunia, akasema kwa sauti ya mzee Batholomeo, kikohozi na yote: "Mwambie Mwalimu ninasikia." Watu wakacheka. Zipora alicheka huku machozi yanamtoka, akashikilia kifua. Ilikuwa sauti yake hasa. Nilirudi hatua moja nyuma, kwa sababu ilitoka ardhini.

Kisha akakaa chini, ndani ya kaburi, magoti yamekunjwa. Wazee wakatabasamu. "Haya, amekataa kutoka. Mfiwa, mkomboe mtani." Mtu akamletea Zipora konzi ya mtama katika ungo.

Zipora hakuinyoosha mikono. Alisogea ukingoni, akamtazama.

"Mtani," akasema, "leo hutoki kwa mtama. Utatoka ukisema bila utani."

Watu wakacheka tena, wachache, kisha wakaacha. Mawingu yalikuwa yamefunga juu ya milima na matone makubwa yakaanza kuanguka, moja moja, yakatoboa udongo mpya. Hakuna aliyesogea. Ni mfiwa peke yake mwenye haki ya kumtoa mtani kaburini. Hata baba askofu hawezi. Jeneza lilikuwa chini, kando yetu, limefunikwa kanga. Sajini alikuwa amekaa na maji yanaanza kukusanyika kwenye viatu vyake.

Hatimaye akasema. Alisema bila kuinua uso.

"Malori manne. Saa kumi na moja alfajiri. Sisi wa kituo tulisimama barabarani, taa tumezima. Wale wa juu walikwenda karavati kwa karavati wakifuata namba. Hawakupiga mtu. Walinong'ona. Waliwaambia watu wasiamshe mtaa, na watu wakatii, hata watoto. Niliona barua ikitolewa kwenye nailoni. Yule mkubwa aliisoma kwa tochi, akasema imeandikwa vizuri, akairudisha. Mimi nilimshika mzee Batholomeo mkono kumpandisha. Akaniambia, 'Mtani, leo umezidisha.' Nikacheka. Sikujua nifanye nini kingine. Nilikwenda nao. Nilirudi nikiwa nimekaa nyuma ya lori tupu."

"Nani aliamuru?" akauliza mzee mmoja.

"Sikuona karatasi. Niliona gari."

Zipora akageuka. "Na wewe, Mwalimu?"

Watu wote walinitazama. Nilitaka kusema kwamba mimi nilikuwa upande wao. Nikasema: "Niliandika barua. Wenzenu walitaka kuondoka Januari, nikawakalisha kwa karatasi. Na siku aliyokuja huyu kuwaonya nilicheka."

"Ulicheka kuliko wote," akasema Zipora. Hakusema kwa hasira.

Akachukua mtama, akautupa ndani ya kaburi, kwenye mabega ya Sajini. Sajini akatoka. Tukamzika mzee. Kwangu Zipora hakutupa mtama, wala sikuwa na haki ya kudai.

Kwenye basi nimeandika maneno ya Sajini kama alivyoyasema.

Jumatano, 19 Machi

Sajini Tumsifu amehamishwa. Kituoni wanasema hawajui wapi. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Sajini yupi, Mwalimu?"

Jumapili, 23 Machi

Mkutano wa mtaa. Obedi aliniletea muhtasari uliokwisha kuchapwa, unaosema kwamba uwanja ulikutwa ukiwa mtupu. Alihitaji sahihi ya katibu. Nikaomba nisimame.

Nilisoma maneno ya Sajini yote. Nilisoma majina hamsini na mawili. Nilisema kwamba mzee Batholomeo amekufa, na dawa yake ilibaki nyuma. Nikasema kwamba mkutano huu ndio uliowaahidi, na kwamba kama mtaa hauwezi kuzuia malori, basi walau usiseme kwamba hayakuja.

Banda lilikuwa limejaa. Nilifundisha nusu ya watu wale. Walitazama mikono yao.

Obedi akauliza, kwa sauti iliyokauka, "Kuna mwenye ushahidi kwamba pale paliwahi kukaa watu?"

Hana alisimama. Peke yake. Kisha mvua ikaanguka juu ya bati, hatukusikiana tena, na mkutano ukaisha hivyo, bila kufungwa. Sahihi sikutia.

Jumatatu, 24 Machi

Nilipopita kwenye bomba la maji, mazungumzo yalikatika. Watoto watatu walinipita bila kuniamkia. Nimefundisha katika mtaa huu miaka thelathini na minane na halijapata kutokea.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta sufuria kizingitini. Ina masizi upande mmoja. Imeoshwa ndani.

Jumatano, 26 Machi

Mkeka. Kiatu kimoja cha kike.

Ijumaa, 28 Machi

Magunia manne, yamekunjwa vizuri. Blanketi. Jembe. Sikumwona mtu, na sijaribu kumwona. Sasa ninajua kilichokuwa nyuma ya mlango ule uliokuwa nusu wazi, na ni nani aliyesafisha uwanja kabla ya saa sita: si wale wa malori, ni watu wa mtaa.

Bado hakuna anayeniamkia.

Jumanne, 1 Aprili

Nguo za mtoto, zilezile zilizokuwa zimekunjwa. Zimefuliwa na kupigwa pasi. Hana anatafuta gari la kupeleka vitu Gulwe. Zipora atajua vya nani ni vipi.

Alhamisi, 10 Aprili

Anga jeupe. Mvua haijanyesha siku sita. Mtama umekomaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo palikuwa na kifurushi kidogo. Ni pakiti ya dawa ya mzee Batholomeo, jina lake kwa mwandiko wa Hana. Vimetoka vidonge vya siku saba tu; vilivyobaki vyote vipo. Havina unyevu. Mtu aliviweka mahali pakavu kwa zaidi ya wiki sita, akavitunza.

Vimefungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye kalenda, ukurasa wa Februari, yenye picha ya Obedi juu. Niliinuka niende nikatafute kalenda hiyo imening'inia kwa nani. Nilipofika mlangoni nikasimama. Obedi aliigawa nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni. Kila nyumba ya mtaa huu inayo. Iko hata ukutani kwangu, na mwezi ulipoisha Februari yangu nami niliichana.